Sentimita Kumi za Bwana Penseli

Kuna watu hawajui kutunza chuki. Wengine huiacha juani ikakauka, wengine humgawia kila jirani kipande mpaka inaisha wenyewe wakiwa bado na hasira. Fundi tepu hakuwa wa namna hiyo. Yake aliitunza miaka ishirini na mmoja, akaipaka mafuta, akaikunja vizuri, na siku alipoihitaji ilitoka bila kukwama mahali.

Fundi huyu ni mwanamke, tena mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya upande mmoja. Mtaani wanamwita Sentimita. Wageni hudhani ni jina la sifa, jina la kazi, kama mtu kuitwa Daktari. Wenyeji wanajua kuwa jina kamili ni Sentimita Kumi, na kwamba siku lilipotolewa halikutolewa kwa heshima hata chembe.

Kazi yake ni kutibu tepu ndefu, zile za mita thelathini na mita hamsini ambazo wajenzi hupimia viwanja na misingi, zinazokaa kwenye kasha la mviringo na kukunjwa kwa kuzungusha mkono. Usimpelekee futi ya mfukoni, ile inayojirudisha ndani kama ulimi wa kinyonga. Atakuangalia juu ya miwani akuambie, "Hiyo kanunue nyingine, mwanangu, usinipotezee jua."

Chumba chake cha kazi ni kidogo, na ukimuuliza kidogo kiasi gani atakujibu mpaka milimita. Ukutani kuna misumari, na kwenye kila msumari imening'inia tepu iliyokufa. Hii ilipitiwa na gari, hii ilikatwa na sululu, hii ilisahaulika kwenye zege. Ndizo akiba yake. Tepu yako ikiharibika kwenye mita ya tisa, yeye anajua ni maiti gani ukutani ana mita ya tisa iliyo salama. Anakata pale, anapachika hapa, anaweka kibati chembamba kwa chini, anapiga ribiti ndogo nne, na ukipitisha kidole husikii kitu. Barazani amepigilia misumari miwili ya shaba sakafuni, kati yake mita kumi kamili, na hakuna tepu inayotoka kwake bila kuapishwa pale. Misumari yenyewe aliiweka kwa tepu moja ambayo haijawahi kuona saiti, inayolala ndani ya kitambaa safi kabatini. Anaiita tepu mama.

Na huwa hakuulizi wewe ni nani. Anaivuta tepu yako, anakusoma.

"Shemeji, wewe unajenga vyumba vya kupangisha tu," alimwambia mkandarasi mmoja.

"Nani amekwambia?"

"Tepu yako imefutika namba kwenye mita tatu. Kwingine kote bado mpya. Wapangaji wako wanageuka vipi kitandani?"

Mwanamume mzima aliondoka ameinamisha kichwa kama aliyefumaniwa.

Hayo yote, utundu na ufundi, hakufundishwa na mtu. Aliyapata kwa kufukuzwa kazi.

Alipokuwa na miaka thelathini na mmoja alikuwa kibarua kwenye ujenzi wa ukumbi wa mikutano, na kazi yake ilikuwa kushika sifuri. Kwa wasiojua: tepu ndefu hupimwa na watu wawili. Mmoja anashika kasha na kusoma, huyo ndiye bosi, huyo ndiye mwenye kalamu. Mwingine anakwenda upande wa pili, anachuchumaa kwenye kona, anaibana sifuri juu ya kigingi na kupiga kelele, "Ipo!" Basi. Kazi ya mtu kuchuchumaa na kusema ukweli.

Msimamizi wa ujenzi ule walimwita Bwana Penseli, kwa sababu alichomeka penseli mbili, moja sikio hili na moja sikio lile, kama mtu anayeogopa kuishiwa na akili upande mmoja. Tepu yake ilikuwa kuukuu. Sasa tepu ikizeeka, ile pete ya mwanzoni hulegea, na sentimita za kwanza huwa haziaminiki tena. Wajenzi wana dawa yao: anayesoma humwambia anayeshika, "Anzia kumi." Mshikaji anaiacha sifuri ining'inie, anaweka alama ya kumi juu ya kigingi. Msomaji akishasoma, anatoa kumi. Hesabu ya darasa la pili, wala haihitaji vidole vya miguuni. Lakini jua likiwa kali na tumbo likiwa tupu, ile kumi husahaulika, na ukuta unakuwa mfupi sentimita kumi bila mtu kujua.

Bwana Penseli alisema, "Anzia kumi." Mwanamke akajibu kwa sauti ya watu wawili, "Kumi ipo!" Bwana Penseli akasoma, akaandika, akasahau kutoa.

Miezi minne baadaye kenchi za chuma za kubeba paa zikaletwa zikiwa zimeshachomelewa na kutobolewa. Zikapandishwa juu. Matundu ya bolti yakapishana na nguzo, sentimita kumi kavu, upande mzima. Mwenye ukumbi akaja na viatu vyake visafi, akauliza kwa upole ule unaotisha kuliko ukali, "Nani alipima?"

Vibarua arobaini walikuwa wamesimama pale. Bwana Penseli hakufikiri hata kwa muda wa kupiga chafya. Alimwonyesha kidole yule mwanamke.

"Ni huyu mama. Nilimwambia sifuri, akashika kumi."

"Uliniambia anzia kumi," mwanamke akasema. "Ulisema, na mimi nikajibu."

"Hajui kushika sifuri, mzee. Nilimsaidia tu nikamwajiri." Kisha akamgeukia, akatabasamu, na hapo ndipo alipofanya kosa la maisha yake. "Nenda nyumbani, Sentimita Kumi, ukapime chumvi."

Vibarua wakacheka. Si kwamba walikuwa wabaya. Mtu akiona panga limempata jirani, hucheka ili lisirudi.

Kicheko kile kilimfuata kila saiti. Alikokwenda kuomba kazi aliambiwa, "Ndiye wewe wa sentimita kumi?" na geti likafungwa. Mwanawe wa kwanza alikaa nyumbani muhula mzima. Mumewe, mlinzi wa ghala, mtu mpole asiyemuudhi hata paka, siku moja jina lile lilimponyoka kwa mzaha wakiwa wanakula, na alilala kwenye benchi la barazani mwezi mmoja na siku tatu. Siku aliporuhusiwa kurudi ndani, mgongo wake ulikuwa umeshachukua umbo la benchi.

Mwanamke akaokota tepu iliyokatika kwenye jalala la saiti mojawapo iliyomfukuza. Akaazima panchi na nyundo ndogo kwa fundi viatu. Akaiunga vibaya, akaibomoa, akaiunga tena, mara kumi na nne, mpaka ikasema kweli. Akasema moyoni: wamesema sijui kupima, basi hawa wote watapima kwa mkono wangu. Na ndivyo ilivyokuwa. Hata hivyo jina halikutoka. Watu walimlipa, walimsifu, na wakaendelea kumwita Sentimita, na kila alipoitwa alisikia vibarua arobaini.

Alichokitaka kilikuwa kitu kidogo tu. Alitaka Bwana Penseli aseme mbele ya watu, kwa mdomo wake mwenyewe, kwamba kumi ile aliisahau yeye.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, gari jeupe likasimama nje. Akashuka mtu mwenye tumbo la heshima na penseli moja tu ya chuma, ya kung'aa, iliyochomekwa mfuko wa shati. Siku hizi alikuwa mkandarasi. Mkononi ameshika kasha la tepu kama mtu aliyebeba kuku mgonjwa.

"Dada, nasikia wewe ndiye unayefufua."

"Inategemea maiti alikufa lini," akajibu Sentimita. Alikuwa amemtambua kabla hajafunga mlango wa gari. Aliweka koleo chini polepole, maana mkono wake ulikuwa umeanza kuwa na mawazo yake.

"Jana tu. Lori la mchanga limeikanyaga. Hapa, angalia, kumi na saba na kitu. Naihitaji kesho, maana Alhamisi naseti msingi wa mtu mzito, yule mkunga mstaafu. Anajenga jengo la kujifungulia akina mama."

"Si ununue mpya, bosi? Mtu kama wewe."

"Hii ndiyo iliyonijenga, dada. Tumetoka mbali mimi na hii."

Sentimita akaivuta kidogo. Pete ya mwanzoni ilikuwa imebadilishwa, lakini kasha lilikuwa lile lile, na mkwaruzo wake ule ule. Akamtazama usoni, akavua na miwani ili asiwe na kisingizio.

"Sura yangu si ngeni kwako, bosi?"

Bwana Penseli akamtazama vizuri, kwa nia njema kabisa. "Labda uliwahi kuniuzia chai saiti," akasema. "Wanakuita Sentimita, eh? Jina zuri hilo. Nani alikupa?"

"Bosi mmoja hivi."

"Alikuona mbali."

"Sana," akasema Sentimita. "Njoo kesho saa kumi."

Gari lilipoondoka, wifi yake, dada wa mumewe, akachungulia kutoka chumba cha pili ambako anashona nguo. Huyu wifi ana masikio yanayosikia uzi ukikatika mtaa wa tatu.

"Wifi, yule si ndiye?"

"Ndiye."

"Na wewe mbona unapiga mluzi? Mara ya mwisho kukusikia ukipiga mluzi ni siku kaka yangu alipong'olewa jino."

"Kazi imenifurahisha."

"Hajakukumbuka?"

"Ameniambia jina langu zuri."

Wifi akaacha cherehani ikizunguka yenyewe. "Hakumbuki hata kwamba ni yeye! Wifi, mtie sindano kwenye kiti cha gari. Nina sindano namba kumi na nane hapa, ya turubai."

"Sindano anaitoa siku hiyo hiyo. Mimi nataka kitu cha kukaa nacho."

Akafunga mlango, akafanya kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Alikata sehemu iliyopondeka. Akachukua kutoka ukutani maiti mwenye mita ya kumi na saba safi, rangi ile ile, upana ule ule. Akapachika. Ila alipopachika, baada ya kumi na saba nukta ishirini na tisa, namba iliyofuata ilikuwa kumi na saba nukta arobaini. Sentimita kumi ziliondoka duniani pale katikati, na ribiti zikafunga kaburi. Akaisugua, akaichafua kidogo kwa vumbi na mafuta ili ifanane na wenzake.

Utasema, si ataona? Ataona wapi! Hakuna mtu anayesoma tepu katikati. Watu wote duniani husoma ncha mbili, sifuri na pale inapoishia, na katikati ni chuma tu kilicholala kwenye majani. Ukipima chumba cha mita tano, tepu ile ni ya kweli. Kwenye misumari ya shaba, mita kumi, iliapa bila kigugumizi. Lakini vuka kumi na saba na nusu, na kila kitu utakachojenga kitakuwa kifupi kwa sentimita kumi. Hata ukipima kona kwa kona kuona kama jengo liko sawa, zote mbili zitadanganya kwa pamoja, kama ndugu waliopatana.

Bwana Penseli akaja Jumatano, akapitisha kidole, akasema, "Huwezi kujua imekatika wapi!"

"Ndiyo raha yake," akasema Sentimita.

Wifi alipoambiwa alishika kifua. "Wifi, hiyo ni dhambi."

"Ya sentimita ngapi?"

Wakacheka mpaka wifi akajichoma kidole.

Alhamisi Sentimita alivaa viatu vya kutokea, akachukua kapu tupu kama anayekwenda sokoni, akaenda kusimama nyuma ya lundo la kokoto mbele ya kiwanja cha Mkunga. Alitaka kuona kwa macho yake. Jengo lilikuwa la mita ishirini na nne kwa kumi na mbili, na kenchi zake za chuma zilikuwa tayari zinachomelewa kwa vipimo vya ramani. Alishahesabu kila kitu: zikifika, zikipandishwa, matundu yatapishana na nguzo, na Mkunga atauliza nani alipima. Alijisikia vizuri kama mtu aliyevua kiatu kinachobana.

Bwana Penseli alishika kasha. Upande wa pili, kwenye kona, alichuchumaa mama mmoja mwenye kofia ya plastiki ya njano iliyompwaya mpaka kwenye nyusi.

"Sifuri!"

"Ipo!"

"Nimesema sifuri! Unaishikaje hiyo? Hujui kushika sifuri?"

"Ipo, bosi!"

"Siku moja nitakupeleka nyumbani wewe!"

Sentimita akahisi kapu limekuwa zito, na halikuwa na kitu. Saa ya mapumziko alimfuata yule mama kwenye bomba la maji.

"Dada, umeshika sifuri muda gani?"

"Mwezi wa tatu huu. Kabla yangu alikuwepo mzee mmoja, akafukuzwa."

"Alifanya nini?"

"Wanasema alikosea kushika."

"Alikosea kweli?"

Yule mama akainua kofia kidogo, akaangalia huku na huku. "Mama, anayesoma hajawahi kukosea. Tangu saiti zianze."

Akarudi kwenye kona yake. Sentimita akabaki pale, bomba likitiririka bure, mpaka kibarua mmoja akamwambia, "Mama, hayo maji yana mwenyewe."

Usidhani huruma ilimlainisha. Huruma ilikuwepo, ndiyo, lakini iliyokuwa mbele ni hasira, na safari hii sehemu yake ilimwangukia yeye mwenyewe. Miaka ishirini na mmoja ya kulenga, halafu mkuki umelengwa kwenye kofia ya njano! Kenchi zitakapokataa, Bwana Penseli hatafikiri hata kwa muda wa kupiga chafya. Atanyoosha kidole. Watacheka. Na mtaani kutakuwa na Sentimita wa pili.

"Basi nyamaza, kamwambie kwa siri airudishe tepu," akasema wifi jioni ile, akikunja vitambaa. "Sema ribiti zimelegea. Utaitengeneza, yatakwisha, na wateja wako hawatajua."

"Yatakwisha ya nani?"

"Wifi, ukisema ulimkatia makusudi, nani atakuletea tepu tena?"

"Sijui."

"Mtakula nini?"

"Tutakula benchi la kaka yako," akasema Sentimita, na wifi akajua hakuna tena mazungumzo.

Ijumaa asubuhi akafungua kabati, akaitoa tepu mama kwenye kitambaa chake, ikaona saiti kwa mara ya kwanza. Aliijua siku yenyewe: kabla jembe la kwanza halijaingia, mwenye jengo huja kuangalia vigingi. Na kweli, Mkunga alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kukunja katikati ya kiwanja, mwavuli mkononi. Nusu ya vibarua waliokuwepo aliwapokea yeye duniani kwa mikono yake. Mtu aliyekuona ukiwa huna nguo wala meno humbishii, hata uwe na misuli kiasi gani.

"Shikamoo, mama," akasema Sentimita. "Mimi ni fundi tepu. Kabla hawajachimba, naomba upande ule mrefu upimwe kwa tepu yangu."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Kuna kumi."

Bwana Penseli akacheka. "Huyu ndiye aliyenitengenezea, mama. Fundi mzuri. Dada, tumeshapima jana, mara mbili, na kona kwa kona."

"Kupima hakuumizi," akasema Mkunga. "Pimeni."

Wakapima kwa tepu ya Bwana Penseli. Ishirini na nne kamili. Wakapima kwa tepu mama. Ishirini na tatu na sentimita tisini.

Vibarua wakakaribia. Uso wa Bwana Penseli ukafanya kile ambacho Sentimita alijua utafanya. Ukageuka, taratibu, kuelekea kwenye kofia ya njano.

"Ni huyu mama! Hajui kushika sifuri! Nimesema kila siku!"

"Ipo, bosi, naapa ilikuwa ipo..."

"Shika wewe," akasema Sentimita.

"Nini?"

"Sifuri. Shika wewe mwenyewe, na mama hapa asome."

Mkunga alikuwa ameshavaa miwani yake na kushika kasha. Bwana Penseli hakuwa na pa kwenda. Akaenda kwenye kona, akachuchumaa na tumbo lake, akabana sifuri. Mkunga akasoma tepu ya kwanza: ishirini na nne. Akasoma ya pili: ishirini na tatu na tisini.

"Bosi," akasema Mkunga, "na wewe hujui kushika sifuri?"

Kicheko kilichopanda pale kiliwatoa ndege kwenye nyaya. Bwana Penseli akanyanyuka mwekundu wa jasho, akaivuta tepu yake mita kwa mita, akaipapasa, akasoma katikati kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Kumi na saba nukta ishirini na saba, ishirini na nane, ishirini na tisa, arobaini.

"Ameikata!" akapiga kelele. "Mama, huyu mwanamke ameikata! Sentimita kumi!"

"Nimeikata," akasema Sentimita.

"Makusudi!"

"Makusudi kabisa. Na kwa ufundi."

Mkunga akamtazama. "Kwa nini?"

Akaeleza. Hakupamba kitu, hakulia. Ukumbi, kenchi, vibarua arobaini, aliyesema anzia kumi, aliyesahau kutoa, aliyenyooshewa kidole. Alipofika kwenye chumvi alikohoa, akaendelea. Bwana Penseli akawa anamtazama sasa kama mtu anayesoma maandishi madogo, na ghafla yakasomeka.

"Ndiye wewe!" akasema. "Kwa ajili ya ile? Miaka yote hii, kwa ajili ya ile? Unalinganisha? Ile mimi nilisahau tu! Binadamu husahau kutoa kumi! Lakini wewe umechukua mkasi ukakata, wewe ni..."

Alisikia maneno yake mwenyewe yakiwa yameshatoka, yamesimama hapo nje peke yao, hayana nguo. Mtu wa koleo aliacha koleo hewani. Mama wa kofia ya njano akaweka mkono mdomoni.

"Rudia," akasema Sentimita.

"Sijasema kitu."

"Umesema ulisahau kutoa kumi," akasema Mkunga. "Nimesikia mimi, na hawa wamesikia."

"Rudia, bosi. Nimekuja mbali."

Bwana Penseli akaangalia huku, akaangalia kule, uso kwa uso, na kila uso ulikuwa unasubiri. "Nilisahau kutoa," akasema akitazama kokoto. "Haya. Nilisahau mimi."

Sentimita alidhani siku hiyo ikifika angecheka, au angelia, au angempiga na kapu. Akajikuta anakunja tepu mama tu, taratibu, mkono unazunguka.

"Na wewe," Mkunga akamgeukia, na sauti haikuwa laini. "Hili ni jengo la kuzalia watu. Ungeliacha lipungue kwa ugomvi wenu?"

"Ndiyo maana nimekuja kabla halijachimbwa, mama."

"Umekuja leo. Jana ulikuwa wapi?"

Alikuwa nyuma ya kokoto, anafurahi. Akainamisha kichwa, na ilimchoma, tena ilistahili.

Mkunga akafunga mwavuli. "Sikilizeni. Sitaita polisi, sitamtafuta mkandarasi mwingine, sina miaka ya kuchezea. Mtanipimia upya jengo zima, nyie wawili. Fundi utasoma. Bosi utashika sifuri. Na huyu mwenye kofia atakaa kwenye kiti changu, anywe maji."

"Mama, mimi ni mkandarasi..."

"Mimi nilikuwa bibi afya wa wilaya nzima na nilikuwa napiga deki. Chuchumaa."

Habari zilizunguka, kama unavyojua habari. Kufikia Jumatatu wakandarasi watatu walikuwa wamekuja kuchukua tepu zao walizoacha zitengenezwe, wakisema wanasafiri, wote watatu, siku moja. Wawili wengine walikuja kwa sababu ya habari hizo hizo, kumwona mwanamke aliyekata tepu akaja kusema mwenyewe. Mwezi ule walikula kwa shida, na wifi alimkumbusha kila mlo. Lakini geti likigongwa na mgeni akiuliza, "Sentimita ni nani?" watoto wa mtaani walikuwa na hadithi mpya ya kumpa, na ndani yake anayesahau kutoa kumi ni mwanamume mwenye gari jeupe.

Ila yote hayo ni ya baadaye. Ijumaa ile kulikuwa na kazi. Vigingi vyote viling'olewa, na Sentimita akashika kasha kwa mara ya kwanza maishani mwake akiwa saiti, upande wa kusoma. Jua lilikuwa limepanda. Bwana Penseli alikuwa kwenye kona, goti moja kwenye changarawe, shati limemnata mgongoni, penseli ya chuma imemwanguka na hawezi kuinama zaidi kuiokota. Sentimita alisoma kila upande kwa haki, hakuongeza wala hakupunguza, kwa sababu jengo halikuwa limemkosea kitu. Upande mrefu, sawa. Upande mfupi, sawa. Ule mwingine mrefu, sawa. Akapima kona kwa kona, ikakubali. Kona kwa kona ya pili, ikakubali, hata milimita haikulalamika.

Kila fundi anajua kwamba mara moja inatosha. Yeye alipima mara saba.

Mara ya nane alipoivuta tepu na kusimama, akafuta miwani taratibu, akaivaa, akaitoa tena akafuta kioo cha upande wa pili. Kutoka kule konani ikaja sauti nyembamba.

"Dada, si imeshakubali?"

"Imekubali, bosi," akasema Sentimita. "Inama."